Uhura Asiye na Kwao

Kitabu ninachotaka kukizungumzia kinaitwa Uhura's Song. Mwandishi wake ni Janet Kagan, Mmarekani, na kilichapishwa na Pocket Books mwaka 1985 kikiwa cha 21 katika safu ya riwaya zilizozaliwa na mfululizo wa televisheni uitwao Star Trek. Wako wasomaji wengi wa safu hiyo wanaokipenda mpaka leo, na mimi sina ugomvi nao. Lakini kilipopanda uwanda wa Makonde kikafika Newala, kilifika mikononi mwa watu ambao mwandishi hakuwawazia hata kidogo, na kwa watu hao kilikuwa kitabu cha kukatisha tamaa. Nitaeleza kwa nini, maana sababu zenyewe zinatuhusu sisi tunaojifunza kuandika kwa Kiswahili kuliko zinavyowahusu wao.

Tuanze na hilo jina. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ni hadithi ya chombo kinachosafiri baina ya nyota miaka mia tatu ijayo, na kwenye chumba cha uongozi amekaa mwanamke mweusi, afisa wa mawasiliano, Luteni Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, ya mwaka 1962, inayohusu Kenya. Gene Roddenberry, mwenye mchezo, akalipenda neno. Ila wakaliona kali mno kwa mwanamke, wakalilainisha mwishoni: Uhura. Kwa sikio la Mmarekani hiyo a ya mwisho ni ya kike. Kwa sikio letu, wapi! Juma ana a, Musa ana a, na wote wana ndevu. (Kichekesho ni kwamba Kiarabu, lilikotoka neno lenyewe, humwita mwanamke huru "hurra". Walibahatisha wakapita karibu kabisa na ukweli bila kuuona.)

Mwaka huohuo wa 1966, Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alikuwa mhariri mtendaji wa magazeti ya TANU pale Dar es Salaam, The Nationalist na Uhuru. Kwa hiyo wakati neno hili linashonewa nguo ya televisheni kule Hollywood, huku mtu wa kwetu alikuwa analichapa kila siku juu ya ukurasa wa kwanza. Hawakujuana, na sidai kwamba wangejuana. Nasema tu kwamba neno lilikuwa na kazi yake nyumbani kabla halijaazimwa.

Tena ni haki tuseme kwamba walioliazima hawakulifanyia mzaha. Mwanamke mweusi mwenye cheo, asiyefagia wala kupika, kwenye televisheni ya Marekani ya miaka ile, lilikuwa jambo kubwa. Nichols alipotaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King mwenyewe alimsihi abaki. Na lugha ya mama ya Uhura ni Kiswahili. Katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe mlaghai anajigeuza mwanamume anayemsemesha Kiswahili ili amnase. Katika kingine cha mwaka 1967 mashine inamfuta kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma, linalomtoka mdomoni akikwama ni Kiswahili. Hebu fikiria: karne ya 23, chombo kimejaa mitambo, na mtu akiishiwa na yote kinachobaki ni lugha yetu!

Sasa turudi kwenye uwanda. Tanzania Bara wakati ule haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, tena ya rangi, lakini Bara serikali ya Mwalimu iliona fedha za nchi zina kazi nyingine, na vituo vya kwanza, ITV kikiwa kimojawapo, vilianza Dar es Salaam mwaka 1994. Sisi Newala habari za ITV tulizisoma gazetini, na gazeti lenyewe lilifika limechoka, hasa wakati wa masika barabara ya kusini ilipokatika Rufiji, kabla ya daraja la mwaka 2003. Tulichokuwa nacho ni Redio Tanzania. Watu ambao hawajawahi kuwatia machoni Pwagu na Pwaguzi walikuwa wanawajua kama majirani: nani mjanja, nani mbishi, nani akicheka anamwaga chai. Sauti ilikuwa inatosha, kwa sababu walioandaa mchezo walijua msikilizaji haoni kitu, na kila kilichotakiwa kuonekana walikitia kwenye maneno.

Basi katika hali hiyo, mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu, boksi la vitabu vya msaada likafika. Humo kulikuwa na vitabu vya kilimo cha nchi za baridi, Biblia za watoto, na huyo Uhura, jalada limelegea. Jina ndilo lililotuvuta. Tulikuwa wasichana wanne, tukakisoma kwa zamu, kamusi pembeni.

Tatizo la kwanza lilijitokeza kabla hatujamaliza sura ya kwanza. Kitabu hakijisumbui kumtambulisha mtu. Kirk anatabasamu, Spock anainua unyusi, McCoy anafoka, na mwandishi anasonga mbele, maana kwake watu hao wameshatambulishwa miaka mingi sebuleni. Mwenzangu mmoja alishikilia kwamba Spock ni mashine, kwa jinsi anavyozungumza, na hakuna ukurasa uliomkatalia kwa haraka. Msomaji wa Marekani akiona neno Spock anaona masikio yaliyochongoka, anasikia sauti, anakumbuka vipindi kumi. Sisi tuliona herufi tano. Riwaya ya namna hii ni kama barua iliyoandikwa kwa mtu mwingine: unaelewa maneno, lakini kicheko kinapita juu ya kichwa chako.

Kuna watakaosema lawama hiyo si ya haki, kwamba kitabu kimeandikwa kwa wapenzi wa mchezo na basi. Sikubali moja kwa moja, na ushahidi wangu uko chini ya uwanda, pale Masasi.

Masasi ya misheni ilianzishwa mwaka 1876 na Edward Steere, askofu wa UMCA aliyekuwa na makao yake Unguja. Wengi wetu tunamjua kwa shule na kanisa. Wachache wanajua kwamba mtu huyohuyo, mwaka 1867, alichapisha Unguja kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake kuna hadithi nne zilizotoka kwa Shakespeare, lakini hazikutoka kwenye tamthilia zenyewe. Alizichukua kwenye kitabu cha Charles Lamb na dada yake Mary cha mwaka 1807, ambamo walizigeuza tamthilia zile ziwe masimulizi kwa ajili ya vijana. Tazama mnyororo huo: jukwaa la London, kisha kitabu cha hadithi cha Kiingereza, kisha kijitabu cha Kiswahili. Hiyo ni riwaya ya kufuatia mchezo karne moja kabla ya Star Trek! Kwa hiyo aina hii ya kazi si ngeni kwetu. Imo katika vitabu vya mwanzo kabisa vya hadithi vilivyochapishwa kwa lugha yetu.

Kina Lamb walifanya kazi yao wakijua kijana wao hajafika jukwaani, na Steere alijua hivyo maradufu: msomaji wake wa Unguja hakuwahi kuona jukwaa, hakuijua Venisi, na hakuwa na haja ya kujua mwigizaji gani alivaa nini. Kwa hiyo hadithi ililazimika kusimama kwa miguu yake. Mfanyabiashara anakopa, mkopeshaji anadai, na jambo linaeleweka mpaka kwa mtu aliyekaa barazani. Baadaye Mwalimu Nyerere alifuata njia nyingine, akatafsiri tamthilia zenyewe zikabaki tamthilia, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kila mtu na njia yake. Ninachosema ni kwamba kitabu kinaweza kutoka kwenye mchezo na bado kikampa mkono mtu asiyeuona mchezo huo.

Hata ndani ya Star Trek kulikuwa na mtu wa kumtazama kwa hili. James Blish, aliyeanza kugeuza vipindi kuwa hadithi fupi mwaka 1967, alikuwa anafanya kazi na miswada ya mchezo, na ndiyo maana hadithi zake mara nyingine zinatofautiana na kilichoonyeshwa. Wapenzi wa mchezo walinung'unika. Mimi nilipokuja kuzipata miaka mingi baadaye, niliona zinasomeka na mtu asiyejua lolote. Blish alikuwa amesimama karibu na upande wetu wa ukuta, karatasi mkononi.

Sasa hadithi ya Kagan yenyewe. Ugonjwa umeingia katika sayari ya Eeiauo, kwa viumbe wenye manyoya na mikia kama paka, na unaanza kuwapata binadamu pia. Zamani Uhura alikuwa na rafiki wa huko, Sunfall, wakabadilishana nyimbo. Baadhi ya nyimbo hizo ni za kale, zimekatazwa, na ndani yake zimeficha habari za mahali walikotoka mababu wa viumbe hao. Uhura anakumbuka nyimbo, chombo kinafuata maneno yake mpaka sayari ya Sivao, na huko wanakuta ndugu wa wale wagonjwa ambao hawataki hata kuwataja waliofukuzwa. Tena wenyeji wanawatazama wageni hawa, makapteni na madaktari, wanawaambia: ninyi ni watoto. Mkitaka kusema na wakubwa, kwanza mkapite porini kama wanavyopita watoto wetu wanapokuwa watu wazima.

Msomaji mwenzangu wa Masasi na Newala, najua umeshacheka. Nyimbo ambazo haziimbwi mbele ya kila mtu! Mtu mwenye elimu na cheo lakini bado ni mtoto mpaka apitie porini! Huo ni jando na unyago. Mimi nilikuwa nimechezwa unyago miaka michache kabla, na nilipofika sehemu hiyo nilikaa wima. Zipo nyimbo nilizofundishwa ambazo siziandiki hapa, wala huyu mhariri hawezi kunilazimisha. Nilijua uzito wa kuzibeba. Nilijua pia kwamba wimbo wa aina hiyo hauelezi jambo, unalikunja, na anayejua kulikunjua ni aliyekalishwa chini na kungwi. Mwandishi wa Marekani aliyetunga ugonjwa ambao dawa yake imefichwa ndani ya wimbo wa siri alikuwa amegusa kitu ambacho bibi yangu angekielewa kuliko Kapteni Kirk.

Na hapo ndipo kitabu kiliponivunja moyo. Ndani ya kundi hilo la wageni yumo mwanamke mmoja wa Kiafrika, ambaye lugha yake ya mama ni Kiswahili. Kama yupo mtu ndani ya chombo kizima ambaye angeweza kusema "kwetu pia", ni huyo. Nilimsubiri aseme. Nilimsubiri akumbuke mtu, hata shangazi mmoja tu. Badala yake safari inachukuliwa na Evan Wilson, daktari mpya, mdogo wa umbo, mwenye jibu la kila swali, ambaye hakuwahi kuwamo kwenye televisheni. Wenyeji wanampenda yeye, vituko vinamfuata yeye. Uhura anafungua mlango kwa wimbo wake kisha anasogea pembeni wengine wapite. Jina lake liko kwenye jalada, lakini nilifunga kitabu bila kuijua nyumba yao.

Nimejiuliza sana kwa nini, maana Kagan si mwandishi mvivu, na viumbe wake wenye mikia wana ukoo, mila na vicheko. Jibu naona liko kwenye umiliki. Mwandishi wa riwaya za namna hii ni mpangaji. Nyumba ni ya kampuni ya filamu. Mpangaji haruhusiwi kubomoa ukuta: asimuue Kirk, asimwozeshe Spock, na akimaliza awarudishe wote mahali alipowakuta, wakiwa walewale, ili mpangaji wa kitabu cha 22 awakute salama. Mtu asiyeruhusiwa kubadilika hawezi kutoka jandoni akiwa mwingine. Kwa hiyo mwandishi anayetaka mtu abadilike inambidi aje na mtu wake mwenyewe, na huyo ndiye Evan Wilson.

Hata hivyo mpangaji huweza kuongeza kitu, kwa sababu riwaya na vitabu vya pembeni ndivyo vilivyompa Uhura jina lake la kwanza. Kwenye televisheni hakuwa nalo. Mwaka 1982 William Rotsler, akiandika kitabu cha wasifu wa wahusika kufuatia filamu ya pili, alimwita Nyota. Waandishi wa riwaya wakalichukua, likazunguka miaka 27, mpaka filamu ya mwaka 2009 ikalitamka. Nyota Uhura. Walilichagua kwa sababu nyota ni nyota, na mchezo ni wa nyota. Hakuna aliyewaambia kwamba kwetu nyota ni bahati ya mtu pia, kwamba nyota hung'aa na hufifia, na mtu mwenye mkosi huambiwa akasafishwe nyota. Ungeandika riwaya nzima juu ya hilo tu.

Watu kupewa majina na waliowakuta njiani si jambo geni Masasi. Wale Steere aliotoka nao Unguja mwaka 1876 walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao asili yao ni huku bara kuelekea Ziwa Nyasa, wengine walichukuliwa wakiwa watoto. Walibatizwa, wakapewa majina mapya. Nia ilikuwa kuwarudisha makwao, lakini walipofika penye milima ya mawe ya Masasi waliona hapa panatosha, wakakaa. Mwaka 1882 Wagwangwara wakaivamia misheni, na Chauncy Maples akaihamishia Newala, juu ya uwanda. Kwa hiyo miji hii miwili inayo historia ya mtu mwenye jina zuri la kigeni anayejua lugha ya mama lakini haonyeshi kwa kidole nyumba ya mama. Uhura wa televisheni na wa Kagan ni ndugu yao wa mbali. Tofauti ni kwamba wale wa Masasi walijenga.

Kuna siku jamaa mmoja aliniambia, "Dada, acha kulalamika, waambie Waswahili waandike ya kwao." Imeandikwa, bwana. Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo; badala ya kufa anatua katika dunia nyingine, Walenisi, na jina hilo ukilikata linasema wale ni sisi. Haikutoka kwenye televisheni yoyote. Msomaji hahitaji kuwa ameona kitu. Ina mahali inapohubiri mno kwa maoni yangu, lakini Dzombo anapotua anafika na nchi yake yote mgongoni, njaa zake na mahakama zake, na ndiyo maana tunajali kama ataishi.

Halafu televisheni yenyewe ikafanya kile riwaya iliyoubeba wimbo wake kwenye jalada haikunipa. Mwaka 2022, katika mfululizo mpya uitwao Strange New Worlds, Uhura kijana, akiigizwa na Celia Rose Gooding, anaeleza mezani kwamba ametoka Kenya, kwamba wazazi wake walikufa ajalini, na kuna bibi. Katika kipindi hichohicho wanakwama ndani ya nyota yenye mkia, na yeye anaanza kuvumisha wimbo wa kwao, na lile jiwe linaitikia. Nichols alifariki tarehe 30 Julai mwaka huohuo. Nilipotazama niliwapigia simu wenzangu wawili kati ya wale watatu. Mmoja alisema Kenya sawa, lakini kwa nini kila Mwafrika wa angani awe yatima?

Siku hizi hapa Masasi tuko vijana na wazee wachache tunaokutana kusomeana. Niliwapa zoezi: mwandikieni Uhura nyumbani, bila Kirk, bila Spock, bila kutegemea kwamba msomaji ameona chochote. Kijana mmoja alimweka Kitangari, ndoo kichwani, anapandisha maji kutoka bondeni. Mwingine alimfanya mjukuu wa mchonga vinyago. Lakini iliyotugombanisha mpaka magharibi ni ya binti wa kidato cha nne. Uhura wake amechezwa unyago, yuko angani, watu wanakufa, na wimbo mmoja aliofundishwa na kungwi ndio wenye dawa. Akiuimba mbele ya wanaume wa chombo amevunja kiapo. Binti aliishia hapo, hakumwimbisha. Wanaume waliokuwepo walisema aimbe, watu wanakufa. Mama mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza kama ndani ya hicho chombo kizima hakuna mwanamke mwingine wa kunong'onezwa. Binti akachukua daftari lake, akaandika.